Gozi ya PHMB kwa kidonda cha sukari: kazi inafanya, bei sasa
Bi mkubwa ana sukari na kidonda cha unyayo kimemsumbua sana, nesi anayemsafisha akasema tujaribu gozi yenye PHMB (dawa ya kuua bakteria), nikaipata famasi moja Kariakoo. Kwa macho ni gozi kama zingine tu, ila imeloweshwa hiyo PHMB, ambayo ni polima (kemikali ya minyororo mirefu) yenye chaji chanya (yetu imeandikwa 0.2%) na bakteria nje ana chaji hasi, kwa hiyo akigusa ananasa, utando wake unatoboka, vya ndani vinavuja, kwisha habari yake. Na si dawa ngeni, ndo hiyo hiyo ipo kwenye baadhi ya maji ya kusafishia lenzi za macho.

Nilichopenda ni harufu, zamani ukifungua bandeji nyumba nzima inajua maana gozi ikishanyonya majimaji wadudu wanazaliana humo humo, sasa inatoka imelowa chapachapa ila hainuki vile. Kunata bado inanata aisee, lowesha na saline (maji ya chumvi ya hospitali) kwanza, ukivuta kavu kavu unang'oa na nyama mpya.

Ila angalieni sabuni! Nesi alikuwa mkali hapa, sabuni ya mche ina chaji hasi, povu likibaki linaishika ile polima inakuwa gozi ya kawaida uliyonunua kwa bei ya ajabu. Sio kwamba chaji hasi haiui, North Carolina State University kule Marekani 2019 walitangaza polima ya chaji hasi ambayo ikipata maji inakuwa na asidi kali juu yake, iliua 99.9999% ya MRSA (bakteria sugu kwa antibayotiki nyingi) ndani ya dakika 5 na ikichoka unaichovya kwenye asidi nguvu inarudi. Hiyo ningependa niione kwenye vitanda vya wodi, kwenye kidonda sijui nani atavumilia asidi 😂

Famasi ndo waliniudhi, pakiti wameshafungua wanauza kwa kipande, dada anaitoa kwa mkono uleule aliohesabia noti. Nikagoma mpaka nikapewa pakiti nzima, ikanikamua haswa.

Gozi nyota 4, duka 1. Na mguu ukivimba, ukiwa wa moto au usaha ukaanza kutoka, achana na gozi mpeleke hospitali siku hiyohiyo.