Tahadhari kwa Wenye Vitz na IST: Jina la 1NZ Lina Injini Mbili, na Moja Haifai

Ninaandika tahadhari hii kwa ajili ya wenye Vitz za zamani, IST na magari mengine madogo ya Toyota yanayotumia injini ya 2NZ, hasa wale ambao injini zao zimechoka na ambao wameshauriwa, kama nilivyoshauriwa mimi, kupandisha 1NZ ya cc 1500 badala ya ile ya cc 1300 iliyokuja na gari. Ushauri wenyewe si mbaya. Ubaya ni kwamba wapo wauzaji hapa Dar es Salaam ambao wanajua vizuri kuwa jina la 1NZ lina injini mbili ndani yake, moja inayofaa magari yetu na nyingine isiyofaa, na humuuzia mteja ile ya pili kwa maelezo ya ile ya kwanza. Mimi ni mmoja wa waliouziwa.

Gari langu ni Vitz ya mwaka 2002, namba B, ambayo nimekuwa nayo kwa miaka tisa. Mwaka jana ilianza kutoa moshi wa bluu kila asubuhi, na haikuchukua muda ikawa inakula lita moja ya oili kila baada ya wiki mbili za kwenda na kurudi kazini kati ya Mbezi na Posta. Fundi wangu wa Tabata alinipa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuifungua injini na kubadilisha ringi, beringi na gasketi, kazi ambayo gharama yake huwezi kuijua mpaka injini iwe mezani, kwa sababu silinda zikikutwa zimelika, ringi mpya hazitakusaidia kitu. Ya pili ilikuwa kununua 2NZ nyingine iliyotumika, kutoka Japani, na kuifunga palepale bila kubadilisha chochote. Ya tatu ndiyo hiyo ya kupanda hadi 1NZ.

Nilivutiwa na ya tatu, na sikuvutiwa kwa ujinga. Injini hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja: kipenyo cha silinda ni milimita 75 kwa zote mbili, na tofauti kubwa iko kwenye mwendo wa pistoni, ambao ni milimita 73.5 kwa 2NZ na milimita 84.7 kwa 1NZ. Zote zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na gia boksi iliyokuwa kwenye 2NZ hukubali kufungwa kwenye 1NZ. Toyota yenyewe iliweka 1NZ kwenye baadhi ya Vitz za kizazi kilekile na kwenye baadhi ya IST. Nguvu hupanda kutoka farasi wapatao 87 hadi 109, na kwa mtu anayepanda kutoka Ubungo kwenda Kimara kila jioni akiwa na abiria wanne na kiyoyozi kimewashwa, tofauti hiyo si ya kwenye karatasi tu.

Nilikwenda Kariakoo siku ya Jumamosi na, kwa kosa ambalo ni langu mwenyewe, nikakubali kuongozwa na winga. Sisemi kwamba mawinga wote ni wabaya, kwani wapo wanaoijua mitaa ya vipuri kuliko wenye maduka, lakini winga analipwa biashara ikifanyika na halipwi injini ikidumu. Maduka matatu tuliyoanza nayo yalitaja kati ya shilingi 1,600,000 na 1,700,000 kwa 1NZ yenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na waya zake. Duka la nne, upande wa Gerezani, lilitaja 1,250,000. Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, anayemwita kila mteja "mjomba", na injini aliyonionyesha ilikuwa sakafuni ikiwa na kila kitu chake: stata, oltaneta, kompresa ya kiyoyozi na manifoldi zote mbili. Aliunganisha betri na petroli kwenye chupa, akaiwasha mbele yangu, nayo ikanguruma vizuri bila moshi. Nilirekodi video. Leo video hiyo ninayo, na haina thamani yoyote, kwa sababu injini inayoonekana ndani yake sijawahi kuimiliki.

Nililipa shilingi 500,000 taslimu pale dukani, na zilizobaki akaomba nizitume kwa simu. Jina lililotokea kwenye simu yangu kabla ya kuthibitisha malipo halikuwa lake wala la duka. Aliniambia ni namba ya shemeji yake kwa kuwa ya kwake imefikia kikomo cha siku. Nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alisema bei ile ni bila risiti, na kwamba nikiitaka niongeze asilimia 18 ya VAT juu. Nilikubali kuandikiwa kipande cha karatasi ya daftari kilichosema "Injini 1NZ, imelipwa", kikiwa na sahihi isiyosomeka. Kisha akaniambia nisihangaike na usafiri, kirikuu chake kitaifikisha gereji jioni, nami nikaenda zangu.

Kilichofika Tabata baada ya Magharibi kilikuwa injini tupu iliyofungwa kwenye turubai, imepakwa rangi ya fedha, bila stata, bila oltaneta, bila manifoldi na bila hata flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Nilipompigia simu alisema vile vifaa vingine ni vya oda ya mtu mwingine na kwamba fundi yeyote mwenye akili atahamisha vya 2NZ yangu. Fundi wangu aliangalia bloki, akaona herufi 1NZ zimegongwa pale zinapotakiwa kuwa, akasema vifaa vya zamani vitaingia. Navyo viliingia vyote, jambo lililotutia moyo sote wawili.

Gari liliwaka, lakini halikuwa na nguvu. Lilikuwa zito kuliko lilivyokuwa na injini mbovu, na kila nilipokanyaga mafuta nikiwa kwenye mwendo mdogo lilikuwa likigonga kama mtu anayepiga kokoto kwenye debe. Tulibadilisha plagi, tukasafisha nozeli, tukalaumu petroli, tukalaumu kontroli boksi. Baada ya wiki mbili nilikwenda kwa fundi mwingine wa Sinza anayeshughulika na magari ya haibridi, yanayotumia petroli pamoja na umeme. Alipima kompresheni, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama aliyeniuzia alinitajia neno Prius.

Injini niliyokuwa nimefungiwa ilikuwa 1NZ-FXE, na niliyolipia ni 1NZ-FE. Kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni vilevile, ndiyo maana kila kitu kiliingia, lakini FXE ilitengenezwa kwa ajili ya magari ya haibridi kama Prius. Vali zake za kuingizia huchelewa kufunga makusudi, hivyo sehemu ya hewa na mafuta iliyokwisha kuingia kwenye silinda husukumwa kurudi nyuma kabla ya kubanwa. Hilo huokoa mafuta na huondoa nguvu, na katika Prius upungufu huo hufidiwa na mota ya umeme. Uwiano wake wa mbano ulioandikwa ni 13 kwa 1, wakati ule wa FE ni 10.5 kwa 1. Kontroli boksi ya Prius hujua namna ya kuiendesha injini hiyo, na kontroli boksi ya 2NZ, ambayo ndiyo niliyokuwa nayo, haijui. Kule kugonga kulitokana na hapo. Kuhusu nguvu, ile ya Prius ya kizazi cha pili hutoa farasi wapatao 77, tena kwa mizunguko 5000 tu. Kwa maneno mengine nilikuwa nimelipa zaidi ya milioni moja kuondoa injini ya farasi 87 na kuweka ya farasi 77, bila mota ya umeme ya kuisaidia.

Sasa ninajua ni kwa nini ilikuja tupu. Prius haina stata ya kawaida wala oltaneta, kwa kuwa mota zake za umeme ndizo zinazowasha injini na kuchaji betri, na kompresa ya kiyoyozi cha ile ya kizazi cha pili inaendeshwa kwa umeme. Injini ya FXE ikiachwa na vifaa vyake humfichua muuzaji mara moja, maana mkanda wa mbele unazungusha pampu ya maji peke yake, na flaiwili haina meno ya stata. Ukivua vyote hivyo kinabaki kipande cha aluminiamu chenye herufi 1NZ, na mteja hana pa kushika. Kwa hiyo yeyote atakayeletewa 1NZ isiyo na flaiwili, au yenye flaiwili isiyo na meno pembeni, asiipokee hata kama kirikuu kimeshaondoka. Wapo watakaosema utaitambua kwa kutokuwa na kebo ya mafuta, kwamba kama trotli, yaani mlango wa hewa ya injini, ni ya umeme basi ni ya haibridi. Hiyo si kweli, kwa sababu 1NZ-FE za miaka ya baadaye nazo zina trotli ya umeme.

Jambo jingine linalozuia udanganyifu huu ni kununua injini ikiwa bado iko kwenye gari lililokatwa nusu, kwa sababu hapo bamba la gari lenyewe husema lilikuwa gari gani, na kontroli boksi, waya na nozeli zake zote zipo. Bei yake ni kubwa zaidi. Hata hivyo, 1NZ halali inahitaji kontroli boksi na nozeli zake ili ifanye kazi inavyotakiwa, kwa hiyo anayenunua injini tupu kwa bei ya chini huja kununua vilivyobaki kimoja kimoja, na mwisho wa hesabu si ajabu akajikuta ameipita bei ya nusu gari. Usipoweza kupata nusu gari, iwashe injini sakafuni, iwekee alama yako mwenyewe kwa pichi, kile chuma cha kugongea alama, kabla haijazimwa, na uondoke nayo kwenye chombo kimoja. Mimi nilifanya la kwanza tu kati ya hayo matatu, ingawa nilikuwa na Jumamosi nzima.

Niliporudi dukani na fundi wa Sinza, muuzaji hakukana. Alisema niliomba 1NZ na alinipa 1NZ. Nimesoma baadaye kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na ninaamini kuniwashia injini moja na kuniletea nyingine hakuhitaji mwanasheria kuelezwa. Lakini nilipokwenda polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa risiti iko wapi, na la pili ni kwa nini jina lililopokea fedha za simu si la mtu ninayemlalamikia. Kile kipande cha daftari kilisomwa na kurudishwa kwangu bila neno. Wale wanaofikiri risiti ya EFD ni habari ya TRA, mamlaka ya mapato, na mfanyabiashara peke yao, wafikirie pia kwamba kadi ya gari huonyesha namba ya injini pamoja na ujazo wake. Kuhama kutoka 2NZ kwenda 1NZ kunabadilisha vyote viwili, na siku utakapotaka kurekebisha kadi au kuliuza gari utaulizwa injini hiyo uliitoa wapi.

Baada ya kwenda dukani mara nne, ya mwisho nikiwa na RB mkononi na mjumbe wa serikali ya mtaa pembeni, nilirudishiwa shilingi 700,000 na injini ikachukuliwa. Shilingi 550,000 zilizobaki, pamoja na fedha za mafundi wawili, nimezihesabu kuwa zimekwenda. Vitz yangu sasa ina 2NZ nyingine, niliyoinunua duka jingine ikiwa na risiti, nikaisikiliza ikinguruma kwa dakika kumi na kuisindikiza mwenyewe nikiwa nimekaa nyuma ya kirikuu. Haina nguvu za kujisifia, ila inapanda Kimara kama ilivyokuwa ikipanda ilipokuwa mpya kwangu, na kwa mwenye mfuko mdogo naona hiyo ndiyo iliyostahili kuwa chaguo la kwanza.

Wiki mbili zilizopita nilipita tena mtaa ule na nikaiona FXE yangu iko nje ya duka, imepakwa rangi upya, ikisubiri mteja. Kwa atakayeonyeshwa injini ya 1NZ tupu maeneo hayo: sikio moja la juu la kufungia gia boksi limewahi kuvunjika na kuchomelewa, na karibu na mahali pa kufungia filta ya oili kuna alama tatu za pichi zilizopangwa kwa mstari, alizogonga fundi wa Sinza kabla hatujairudisha. Rangi imezifunika kidogo, lakini ukipitisha kucha utazisikia.