Gofu ya kiganjani: mashine ipi ununue kwa ajili ya boti na baraza

Uwanja wa gofu wa Unguja uko Mangapwani, mashimo tisa kando ya bahari, na wengi wetu tunaujua kwa kuusikia tu. Gofu ninayoijua mimi ni ya kiganjani: kwenye boti ya kwenda Mkoani, au barazani baada ya Alasiri mwezi wa Ramadhani, saa ile ambayo dakika hazitaki kusogea. Mchezo huu umeikalia vizuri mashine ndogo ya gemu. Shimo moja halikuchukui muda, na ukiitwa ukafungue mlango unaiweka chini tu, ukirudi mpira uko palepale ulipouacha. Hebu jaribu hivyo na gemu ya kandanda.

Mtu akiniuliza "Yakhe, ninunue ipi?" namrudishia swali: utacheza na nani? Mpangilio wangu hapa chini umetoka hapo, haukutoka kwenye uzuri wa picha.

Ya kwanza: Nintendo Switch ya kawaida, iliyotumika, toleo la 2019

Hii ndiyo ninayoishikilia. Vishikio vyake viwili, Joy-Con, vinachomoka: kimoja wewe, kimoja mwenzio, mashine mnaisimamisha juu ya jamvi mnacheza. Lakini Switch za kawaida ziko za namna mbili na kwa sura zinafanana kama mayai. Ile ya mwanzo, ya 2017, betri yake inakwenda saa mbili na nusu hadi sita na nusu. Iliyotengenezwa upya mwaka 2019 inakwenda saa nne na nusu hadi tisa. Kwa anayesafiri usiku kwenda Pemba tofauti hiyo si ndogo. Igeuze usome namba ya utambulisho wa mashine (serial number): ikianza na XKW ni ya betri nzuri, ikianza na XAW ni ya zamani. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu", mwambie basi bei nazo ziwe sawa na ile ya chini.

Ile ya OLED (aina ya kioo) ya 2021 ina kioo kikubwa kidogo, inchi 7 badala ya 6.2, na rangi zake zinavutia kweli. Betri ni ileile ya 2019. Ukiikuta kwa nyongeza ndogo, chukua. Vinginevyo kijipira cheupe kwenye majani ya kijani unakiona vizuri tu hata kwenye kioo cha kawaida.

Kilichoipandisha juu hasa ni gemu zake. Mario Golf: Super Rush ya 2021 ina namna moja ya kucheza ambapo wote mnapiga kwa pamoja, kisha kila mtu anatoka mbio kuufuata mpira wake huku akimsukuma mwenzake. Mkiicheza barazani, hata wacheza bao watageuza shingo. Kwa anayecheza peke yake, chaguo langu ni Golf Story ya 2017, iliyotengenezwa na watu wawili wa Australia waliojiita Sidebar Games. Ni kisa cha mtu aliyeacha kila kitu ili arudie mchezo aliofundishwa na baba yake, na kila anayekutana naye ana kijembe chake. Tatizo ni kwamba vichekesho vyote ni maandishi ya Kiingereza, tena mengi. Mpwa wangu anayesoma skuli alikaa na kamusi pembeni. Mama yake alifurahi kuliko yeye.

Halafu ipo What the Golf? ya Triband wa Denmark. Hii inaifanyia gofu dhihaka. Unalenga, unaachia, na badala ya mpira anaruka mchezaji mwenyewe. Shimo linalofuata inaruka nyumba nzima. Haihitaji lugha wala kujua sheria yoyote. Nilimpa bibi yangu simu akanirudishia, nikampa hii akanyamaza nusu saa.

Ya pili: Switch Lite

Nyepesi, kioo inchi 5.5, inaingia mfuko wa kanzu. Betri ni saa tatu hadi saba. Ilipotoka Septemba 2019 bei yake Marekani ilikuwa dola 199.99, wakati ya kawaida ilikuwa 299.99. Ziweke kichwani namba hizo ukiingia dukani Darajani au Mlandege, usije ukauziwa kuukuu kwa bei ya mpya. Lakini vishikio vyake havichomoki na haiungiki na televisheni. Kwa mtu wa peke yake ningeiweka ya kwanza bila kufikiri. Kwa nyumba yenye watoto watatu, kila siku utakuwa kadhi.

Ya tatu: PSP ya Sony, kuukuu

Usiicheke. Everybody's Golf ya Clap Hanz, ambayo Wamarekani waliiita Hot Shots Golf: Open Tee, bado ni gofu tamu: kitufe mara tatu, kuanza, nguvu, kugonga, basi. Visahani vyake havichagui nchi, cha Japani kinacheza kwenye mashine ya Uingereza. Cha kutazama ni betri: ukiona kifuniko cha nyuma kimetuna, betri imevimba, iache hapohapo. Chaja yake nayo ni ya pini ya duara, si ya simu, kwa hiyo usiondoke dukani bila hiyo. PS Vita, iliyoifuata PSP, ina gofu ya haohao iliyo nzuri zaidi, ila kadi zake za kumbukumbu ni za pekee na ni ghali. Ukiipata yenye kadi tayari, sawa.

Ya mwisho: 3DS ya Nintendo

Hapa nina kidonda. Niliuziwa 3DS nzuri, haina mkwaruzo, imetoka Japani pamoja na mitumba. Nikaagiza Mario Golf: World Tour kutoka kwa jamaa aliyeko Uingereza. Kadi ikafika, nikaichomeka, mashine ikanitazama nami nikaitazama. 3DS zimefungwa kwa kanda: ya Japani inataka gemu za Japani. Na duka lake la intaneti liliacha kuuza Machi 2023, kwa hiyo hata njia ya mlango wa nyuma hakuna. Mashine ninayo bado, inaonyesha saa.

Switch 2 ya 2025 sikuipanga. Ni nzuri, lakini ilitoka kwa dola 449.99, na gemu zote tatu za Switch nilizozitaja hapo juu zinacheza kwenye Switch ya kwanza.

Kabla hujatoa pesa

Kwenye Switch, fungua mipangilio, ingia sehemu ya vidhibiti, chagua kurekebisha stiki, yaani vijiti vya kulengea. Alama ya katikati ikitembea bila kuguswa, stiki imekwisha. Kwenye gofu hilo ni baya kuliko inavyodhaniwa, maana mpira unaupiga kwa kitufe lakini unalenga kwa stiki, na mlengo utakuwa unahama polepole kama jahazi lisilotia nanga. Kisha washa hotspoti ya simu yako ufungue duka la Nintendo la mtandaoni hapohapo mbele ya muuzaji. Likikataa, huenda mashine imefungiwa na kampuni, na Golf Story njia yake ya kawaida ni kuishusha tu.

Akaunti ya kununulia gemu kwenye duka hilo unaichagulia nchi. Ukichagua Marekani, kadi ya pesa unayonunua iwe ya Marekani. Ya Uingereza haitafunguka.

Switch inachajiwa kwa waya wa USB-C, uleule wa simu za sasa, na pawabenki inaifaa. Sisi tuliokaa miezi mitatu bila umeme kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa sababu. Ongeza kibegi chenye zipu: hewa yetu ya chumvi hula tundu la chaja taratibu, na kwenye boti ukikaa karibu na mlango, rasharasha ya kwanza itatua kwenye kioo wakati mpira wako umesimama shibri moja na shimo.