Silki, mati au mafuta? Uzoefu wangu wa kupaka nyumba Walukuba

Nyumba yetu iko Walukuba, mjini Jinja, Uganda: vyumba vitatu na jiko la ndani ambalo miaka yote limepikiwa kwa sigiri ya mkaa. Tumemaliza kuipaka ndani juzijuzi. Mwenye haraka achukue hili: silki (rangi ya maji yenye mng'ao) nimeipenda kwenye korido tu, sebuleni nimeweka mati (ya maji pia, isiyong'aa), na jikoni bila andakoti ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia chini, pesa zingekwenda bure.

Silki ndiyo wauzaji wanayoitaja kwanza, kwa kuwa ndiyo ghali. Inafutika kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, hilo si uongo. Koridoni watoto hupita wakiburuta viganja ukutani (kwa nini, hata wao hawajui), na alama zinatoka. Lakini rangi hii inang'aa, na mng'ao hauna siri. Plasta yetu ilipigwa zamani na mtu mwenye haraka zake. Mchana huoni kitu, ila ukiwasha taa jioni na mwanga ukapita ubavuni mwa ukuta, mawimbi yote ya mwiko yanajitokeza. Mati inayameza. Ubaya wake ni kwamba ukiisugua sana panabaki baka linalong'aa, kwa hiyo makochi nimeyasogeza mbali kidogo na ukuta. Anayetaka silki sebuleni alipie kwanza kuskimu ukuta mzima (kuupaka tabaka jembamba la kuusawazisha) na kupiga msasa, na kazi hiyo peke yake inaweza kuzidi bei ya rangi.

Jikoni ndiko nilikojifunza mengi. Masizi hayafunikwi na rangi ya maji. Yanapenya. Unapaka, panakauka peupe, kisha wingu la kahawia linarudi palepale, hata uongeze mkono wa pili na wa tatu. Fundi aliosha kuta kwa maji ya sabuni, akaziacha zikauke kabisa, akapiga msasa, akapaka andakoti ya mafuta, na juu yake glosi, rangi ya mafuta inayong'aa. Harufu ya thina, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, ni kali, tulipikia uani mpaka ikaisha. Sasa mvuke na mafuta ya kukaangia nafuta kwa kitambaa tu.

Glosi yenyewe alikataa kuipaka baada ya saa sita mchana. “Mama, hii si ya jioni. Sami watakuja kulala juu yake.” Sisi wa kando ya ziwa tunawajua hao vijidudu: hasa mwezi unapoandama huibuka mawingu kwa mawingu na kufuata taa. Rangi ya maji hushikana kwa saa moja au mbili, lakini ya mafuta hunata mpaka usiku, na mkono wa pili husubiri kesho yake. Akaanza asubuhi na mapema, na jioni upande ule hatukuwasha taa. Kwa hilo peke yake nampa alama zote.

Sehemu ya chini ya ukuta wa sebule ilikuwa na unga mweupe, rangi imebanduka. Hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini. Jirani alishauri tuizibe kwa rangi ya mafuta, fundi akacheka: unyevu ukikosa pa kutokea utaivimbisha rangi na kuimenya. Alikwangua, akafagia kwa brashi kavu bila kuosha, maana maji huirudisha chumvi ndani, kisha akapaka mati, ambayo inapumua. Kuponesha haikuponesha, unyevu bado upo, ila mpaka sasa haijabanduka.

Kuhusu kampuni sibishani. Madukani kuna Plascon, ambayo wengi hapa bado wanaiita Sadolin, na kuna nyingine. Rangi nilinunua mwenyewe na nikasimama hapo wakati wa kuchanganya, kwa sababu maji yakizidi kopo linatosha nyumba nzima na ukuta haufunikwi. Hesabu ni rahisi: kwenye ukuta laini lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 4, kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha kinakula karibu lita 7 kwa mikono miwili.

Rangi usiichagulie kwenye kadi ya dukani. Krimu niliyoipenda pale ilikuwa njano kabisa chini ya balbu yetu. Nikanunua kopo dogo, nikapaka kipande cha ukuta, nikakitazama mchana na usiku, nikahamia kijivu chepesi. Namba ya mchanganyiko wa mashine nimeiandika nyuma ya mlango wa kabati, siku ya kupiga viraka nisibahatishe.

Kuta za nje bado. Mvua za hapa hurusha udongo mwekundu hadi karibu na madirisha, kwa hiyo nitasubiri kiangazi cha Januari, na chini nitaweka mkanda wa kahawia iliyoiva.