Hale: nenda kwa ajili ya korongo la mto Pangani, mitambo ya umeme hutaiona

Kwa walioko Tanga mjini mliochoka kushinda ufukweni Raskazone kila wikiendi, pandeni gari za Korogwe pale Kange mshuke Hale, mtembee kufuata mto Pangani mpaka usawa wa kituo cha umeme. Ila nendeni masika au mvua zikiwa ndo zimetoka kukatika. Kiangazi maji mengi yanakingwa bwawani yanaingizwa handakini kwenda kuzungusha mashine, mtoni mnakuta mawe na vidimbwi, halafu mje mseme nimewadanganya.

Sisi tulikuta maji ya kutosha, na kelele zake unaanza kuzisikia bado uko kwenye mkonge, hata mto wenyewe hujauona. Kushuka ni kaparangato kidogo, udongo unateleza, mwenye sandozi ataisoma namba. Kule chini kuna miamba imetobolewa na maji mashimo ya duara, mengine yanameza mkono mpaka kwenye kwapa, ukiingiza unatoa kokoto laaaini kama zimepigwa msasa, kumbe ndo hizo hizo zinazozungushwa na maji miaka nenda rudi mpaka mwamba unatoboka. Hapo tu mimi hela yangu ilisharudi.

Sasa kituo. Wengi wanatarajia jengo kubwaa, wanakuta geti na nyaya, kwa sababu mashine zote mbili zimefukiwa chini ya ardhi huko. Kilimalizika 1964, megawati 21, leo ukilinganisha na zile 2,115 za Bwawa la Nyerere unaona utani, lakini enzi hizo haikuwa mchezo. Na mto huu ulishaanza kutoa umeme toka miaka ya 1930 kule chini kwenye Maporomoko ya Pangani, mashamba ya mkonge yakiwa yamepamba moto, baadae 1995 pakawekwa kituo kipya cha megawati 68 kwa hela za Norway, Sweden na Finland. Kuingia ndani bila kibali sahau, na simu weka mfukoni, mlinzi alitwambia kistaarabu tu "hapa hapapigwi picha wazee wangu" tukarudi zetu nyuma.

Kijana aliyetuongoza simpingi hata kidogo, anajua kila njia na hana haraka, alimsubiri shemeji yangu mwenye goti bovu bila kununa. Wa bodaboda ndo walitupiga, bei ya kwenda ingine ya kurudi ingine, patana kabisa kabla hujapanda. Choo hakuna, duka hakuna, maji ya kunywa beba mjini.

Na watoto wasiogelee hata mkiona wavuvi wa perege wamesimama majini mpaka magotini, mamba wapo mto huu, wale wavuvi wanajua wanasimama wapi.

Kurudi shukeni Muheza mnunue machungwa.