Milango ya kadi, kidole na uso: tumeweka ofisini na kwa stoo hapa Nairobi, maoni yangu

Kama uko na ofisi, duka ama stoo hapa Nairobi na unafikiria kuweka mlango wa kadi ama wa kidole, soma hii kabla hujalipa deposit. Sisi tumemaliza kuweka yetu, mlango wa kioo wa ofisi huko Westlands na mlango wa chuma wa stoo Industrial Area, na vile nimezungushwa na kwotesheni na mafundi nimeona kuna vitu wauzaji hawakwambii mpaka uulize. Mimi nasema hivi: usianze na kile kimashine cha ukutani chenye skrini, anza na kitasa na stima. Nini hasa inashika huo mlango, na stima ikipotea ama moto ukiwaka mlango utafanya nini. Hiyo ukiijua ndo uende kuchagua kadi, kidole ama uso.

Ukizunguka maduka ya Luthuli Avenue utaona kila mtu anakutolea mashine ya uso kwanza, anaiwasha, inasema asante kwa sauti ya mwanamke, unafurahi, bei inapanda. Hakuna mtu anakuuliza mlango wako ni wa kioo ama mbao ama chuma, unafunguka ndani ama nje, unajifunga wenyewe ama mpaka usukumwe. Fundi tuliyempa kazi mwishowe tulimchagua kwa sababu hiyo tu. Alifika na mita ya kupima stima na tepu mfukoni, hakufungua bahasha yoyote ya picha za mashine, akasimama kwa mlango wa ofisi akauachilia kama mara tano hivi akiangalia unavyorudi, akaniambia, "Boss, hii mlango haijifungi mpaka mwisho, nikiweka sumaku leo utanipigia simu kesho. Tuanze na closa." Kweli ile closa, kile chuma cha juu kinachovuta mlango ujifunge, ilikuwa imechoka, mlango unabaki na kanafasi ka kidole kimoja, na sumaku haiwezi vuta mlango kutoka huko, lazima sumaku na lile bamba la chuma la mlangoni vigusane kabisa. Kama fundi wako hajagusa mlango wako kabla ya kukuandikia bei, hiyo bei ni ya kubahatisha.

Sasa sumaku yenyewe, maglok. Ile ya kawaida huandikwa 280kg, kuna kubwa ya kama 500kg na kitu, na kwa mlango wa kioo wa ofisi hiyo ya 280 inatosha ikifungwa vizuri. Cha kujua ni kwamba sumaku inashika tu kama kuna stima, stima ikikatika mlango uko wazi, na si kwamba imeharibika, imetengenezwa hivyo ili watu watoke. Kwa hivyo usalama wako usiku wote uko kwa betri, na hapo ndo kampuni nyingi zinafinya. Kwotesheni inasema tu "na betri ya bekapu", unafikiri umemaliza. Piga hesabu mwenyewe: betri ya kawaida ni 12V 7Ah, yaani kwa karatasi inatoa ampia moja kwa masaa saba, maglok inakula kama nusu ampia, ongeza kontrola, ule ubongo wa mfumo unaoamua nani aingie, na kisoma kadi mko kama ampia 0.7, hiyo ni masaa kumi kwa karatasi, na kwa ukweli ni machache zaidi juu betri haikupi yote iliyoandikiwa, na ikishazeeka inakupa kidogo kabisa. Mkumbuke ile blackout ya 25 Agosti 2023, Ijumaa usiku, nchi karibu yote gizani hadi Jumamosi na kwingine ikaendelea. Ofisi zimefungwa, watu wako makwao, betri zinaisha polepole, na asubuhi soja wa jengo letu akipiga raundi anakuta mlango wa jirani yetu wa ghorofa ya chini unasukumika tu. Shukuru Mungu hakuna kitu kilienda. Sisi tumeweka betri mbili, na usiku ofisi inafungwa pia na kitasa cha ufunguo cha chini, mtu wa mwisho anazungusha. Kama jengo lenu liko na jenereta uliza kama inafika ofisini kwenu ama ni ya lifti na taa za ngazi pekee, yetu ilikuwa ya ngazi pekee.

Kwa stoo hatukutaka sumaku kabisa. Huko kuna mali na usiku hakuna mtu ndani, kwa hivyo tuliweka straiki, yaani kile kipande cha umeme kinachokaa kwa fremu mahali ulimi wa kitasa unaingia, na tukachukua ile aina ambayo stima ikipotea inabaki imefunga. Mtu wa ndani anatoka kwa kushika hendeli kama kawaida, haihitaji stima wala kadi wala batani, wa nje bila kadi ama ufunguo haingii. Na inakula stima ile sekunde chache inafungua tu kwa hivyo betri inakaa sana. Kwa stoo hii ndo kitu nimependa kuliko vyote na sijui kwa nini haiuzwi sana hapa, labda juu kuichonga kwa fremu ya chuma ni kazi, yetu ilichukua mchana mzima na welda akaitwa. Nikaona pia fundi anafunga kadayodi kadogo keusi, 1N4007, kwenye waya mbili za straiki, nikamuuliza ni ya nini. Akasema straiki ikizimwa inarudisha mshtuko wa stima kwa kontrola, bila hiyo dayodi relei, ile swichi ndogo ya kontrola inayofungua mlango, inaungua pole pole na baadaye utaambiwa ununue kontrola mpya. Kitu ya shilingi chache. Muulize fundi wako kama ataiweka ama iko ndani tayari, jibu lake litakuonyesha ni fundi wa aina gani.

Kuna hii nyingine na hapa nitakaa kidogo juu inaniuma kuona ofisi za watu. Zile kipadi za bei nafuu za namba na kadi, zile zinafungwa nje ya mlango, nyingi ziko na relei humo humo ndani. Maana yake waya za kufungua mlango ziko upande wa mwizi. Mtu akifungua kile kifuniko kwa bisibisi akagusanisha waya mbili mlango umefunguka, hajahitaji kadi. Kwa mlango wa choo cha wafanyakazi ni sawa. Kwa mlango wa kuingilia biashara, dai kontrola iwe ndani, kwa sanduku linalofungwa, nje kubaki kisoma kadi pekee. Kampuni moja iliyotuletea kwotesheni, sitaitaja, ilitaka kutuwekea hiyo ya relei nje kwa mlango wa stoo, na nilipouliza wakaniambia wateja wote wanaweka hivyo. Basi wateja wote wako hatarini.

Kadi nazo si zote sawa. Ile nyeupe nene ama kile kitu cha bluu cha kuweka kwa funguo, mara nyingi ni ya 125kHz, na hiyo inatoa namba yake kwa yeyote anayeisoma, mashine ndogo ya kukopi inauzwa waziwazi, dakika moja mtu ana nakala. Mifare Classic, aina nyingine ya kadi, ikaja na ulinzi lakini watafiti waliuvunja hadharani tangu 2008 na bado ndo inauzwa hapa kama kitu kipya. Sisi tukachukua kadi za DESFire zenye ulinzi wa nguvu zaidi, kadi moja ni ghali zaidi, kisoma kadi pia, lakini hiyo haikopiwi kirahisi hivyo. Kama una wafanyakazi wachache tofauti ya bei hutaisikia. Pia uliza kisoma kadi kinaongea na kontrola kwa njia gani, Wiegand ni ya zamani na haifichi kitu kwa waya, OSDP inaweza kuficha. Yetu iko na OSDP na ilibidi niitishe kwa jina, hakuna aliyeileta mwenyewe.

Kidole. Watu wa mishahara wanakipenda juu hakuna kupigiana kadi, Otieno hawezi gongea Wanjiru asubuhi akiwa bado kwa matatu. Ni kweli. Lakini kwa stoo tulijaribu mashine ya kuazima na wale vijana wa kubeba mizigo vidole vyao havisomi, vimekwaruzika, vina vumbi, na mama wa usafi ambaye anashinda kwa maji na sabuni alikuwa anasimama pale anafuta kidole kwa leso, anajaribu, anafuta tena, na watu nyuma yake wanangoja. Inaudhi kuona mtu mzima akifedheheshwa na mashine kila asubuhi. Tukaiondoa. Uso unasoma haraka zaidi na hauguswi, nakubali, hata mtu akiwa na kofia ya kazi, ila ukiweka mashine ikiangalia jua la asubuhi itasumbua.

Sasa sheria, na hii wafanyabiashara wengi wanaipita. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu alama ya kidole na sura kama data nyeti. Huwezi tu kuamka ukaskani watu. Unatakiwa uwaeleze ni ya nini, inakaa wapi, mpaka lini, na kwa data kama hiyo ufanye tathmini ya hatari kabla hujaanza. Ile ya kujiandikisha kwa Kamishna wa Data, biashara yenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 haihitaji, isipokuwa baadhi ya sekta kama hospitali na shule, lakini kutojiandikisha hakukuondolei hayo mengine. Mnakumbuka foleni za Worldcoin, ule mradi wa sarafu ya mtandaoni, pale KICC 2023, watu wakiskaniwa macho? Serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Na si lazima iwe kampuni kubwa hivyo ndo ikupate. Kadi ikiibiwa unaifuta unatoa nyingine, kidole cha mtu kikivuja hana kingine cha kukupa. Agosti 2019 watafiti walikuta mfumo wa milango wa BioStar 2 wa kampuni ya Suprema uko wazi mtandaoni wakasema kuna alama za vidole za zaidi ya watu milioni moja. Mwaka wa 2024 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, nao wakatoa ripoti ya mashimo 24 ya usalama kwa mashine ya uso ya ZKTeco, mojawapo ya kufungua mlango kwa kuionyesha msimbo wa QR uliotengenezwa kwa hila. Sisemi msizinunue, hizo mashine ziko kila mahali Nairobi na zinafanya kazi, nasema muulize programu yake ya ndani imesasishwa lini na nani ataisasisha, na msiiweke moja kwa moja kwa intaneti.

Kwetu tukaamua kadi pekee ya mlango, na mahudhurio yanaandikwa kivyake. Hakuna mtu amelalamika.

Moto. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka mlango wa mahali pa kazi ufunguke kwa urahisi na mara moja kutoka ndani wakati kuna watu. Kwa mlango wa sumaku hiyo inamaanisha batani ya kutoka na kile kisanduku cha kijani cha kuvunja kioo, na vyote vikate stima ya sumaku moja kwa moja, sio vitume ujumbe kwa kontrola iamue. Kontrola ikiganda je? Nimeona ofisi, tena kubwa, batani imefungwa kwa kontrola pekee na kisanduku cha kijani hakipo. Usikubali.

Paswedi ya msimamizi pia iandikwe kwa mkataba kwamba ni yako. Kuna kampuni hapa mjini hubaki nayo, kila ukitaka kuongeza mfanyakazi mpya wanakutumia invoisi ya kuja kubonyeza vitu viwili. Jirani zetu wako hivyo mpaka leo, mtu aliacha kazi na kadi yake bado inafungua. Halafu landlodi, mwombe ruhusa kwa maandishi kabla hujatoboa fremu yake ya aluminiamu, na uliza kwotesheni kama ina VAT ya 16% juu wengine wanakupa bei tamu halafu risiti ikija imeongezeka.

Alama zangu: straiki ya stoo 10 kwa 10. Maglok ya ofisi 7, ni nzuri ila bila betri na kitasa cha pili singelala. Kadi za DESFire 9. Mashine ya kidole kwa watu wa kazi za mikono 3. Fundi wetu 9, moja nimekata juu waya za dari aliziacha zikining'inia mpaka nikamwambia.

Kabla ya kulipa balansi tulifanya hivi na ningeomba kila mtu afanye. Jioni, fundi akiwa hapo, tukazima swichi kubwa ya ofisi, tukaacha hivyo hadi kesho yake asubuhi huku mtu wetu akilala ndani, na kila saa anausukuma mlango. Ulishika hadi asubuhi. Tukavunja kile kioo cha kijani, mlango ukaachia papo hapo, tukaweka kioo kingine, tukarudisha stima, tukamlipa.