Korileta ya papo hapo au ya diski: ipi afadhali kwa mwendeshaji?
Korileta ni mtambo unaooanisha mawimbi ya redio kutoka angani yanayopokewa na kila jozi ya antena, ili antena nyingi zifanye kazi kama darubini moja. Ukikaa mbele ya skrini zake, swali la kwanza ni hili: data inachakatwa papo hapo, au inarekodiwa kwanza?

VLA, darubini ya redio ya Marekani, ina antena 27, yaani jozi 351, na zote huoanishwa uchunguzi ukiendelea. MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, kwa antena 64, hufika jozi 2016. Hapa programu ya udhibiti haina subira. Wimbi moja hufikia antena kwa nyakati tofauti, hivyo kila antena hupewa ucheleweshaji wake ili mawimbi yalingane, nao hubadilika kadiri Dunia inavyozunguka. Nanosekunde moja ni kama sentimita 30 za safari ya mwanga. Kosa dogo hurekebishika baadaye. Kubwa likipita bila kuonekana, data ya muda ule imekwenda na maji.

Kwa diski, roho hutulia kidogo. Mwaka 2017 EHT, mtandao wa darubini za redio zilizotawanyika duniani, ulirekodi kwenye diski, kisha zikasafirishwa kwa ndege; zile za Ncha ya Kusini zilisubiri majira ya baridi yaishe. Programu kama DiFX, inayofanya kazi ya korileta kwenye kompyuta za kawaida, hukuruhusu kurudia: saa ya kituo fulani imepotoka? Badilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, endesha upya.

Ila antena iliyorekodi kelele tupu utaigundua miezi baadaye, wakati papo hapo ungeiona grafu ikilala bapa. Kwa antena zilizo karibu, mimi nachagua papo hapo.