Sombe, mishkaki na mabishano ya kocha wa Oilers: mgahawa wa barabara ya 118, Edmonton, Kanada

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya televisheni, na kwa hiyo televisheni sitataja jina la mgahawa mpaka mama mwenye mgahawa airekebishe. Anayeishi Edmonton akipita barabara ya 118 jioni, pua itampeleka.

Nilikwenda Jumatano ya tarehe 8 Oktoba 2025, mechi ya kwanza ya msimu wa mpira wa magongo wa barafuni, ligi ya NHL, Edmonton Oilers na Calgary Flames, mahasimu wa mkoa mmoja. Mechi ilianza saa mbili usiku na mimi huamka saa tisa usiku kupakia mikate kwenye lori, kwa hiyo kukaa pale mpaka mwisho kulinigharimu usingizi. Sijutii.

Mama mwenye mgahawa ni mtu wa Bukavu. Ukifungua mlango anakuona kabla hujavua koti. "Papa, ikala apa, kuko joto," akanionyesha meza iliyo karibu na kipasha joto. Mimi ni mtu wa Moshi, nina miaka tisa hapa, na bado nikiambiwa "kuko joto" kwa sauti ile nasikia nimefika nyumbani kwa watu. Mahali penyewe pana meza nane, ukutani kuna bendera ya Kongo na pembeni yake fulana ya chungwa ya namba 97, ya Connor McDavid, nyota wa Oilers.

Chakula kwanza. Sombe yake, majani ya muhogo, imetwangwa hasa, haina nyuzi, imepikwa na mawese mpaka mafuta yamepanda juu na kufanya utando mwekundu pembeni mwa sahani. Ndani kuna samaki mkavu aliyechambuliwa miiba. Ugali ni wa mchanganyiko wa mahindi na muhogo, mzito, unakatika vizuri ukiubonyeza kwa kidole gumba. Mishkaki ya mbuzi ilichelewa dakika arobaini, lakini ilikuja ikiwa bado inalia mafuta, na pilipili ya kusaga pembeni ambayo lazima uiheshimu. Sahani ya sombe na ugali, mishkaki mitatu na soda: dola 27. Ndizi za kukaanga sikuzipenda, zilikuwa zimelowa mafuta.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Mikahawa mikubwa ya katikati ya mji ina skrini nyingi na muziki juu yake, huwezi kumsikia jirani yako. Hapa sauti ya mtangazaji inasikika, na watu wanabishana wakiwa wanajua wanachokisema. Usiku ule ubishi ulikuwa juu ya kocha, Kris Knoblauch. Klabu ilikuwa imetoka kumwongezea mkataba wa miaka 3 siku chache kabla ya msimu kuanza, na wenye mji walikuwa hawajakubaliana kama alistahili.

Kwa asiyemfahamu: Knoblauch aliletwa Novemba 2023 baada ya Jay Woodcroft kufukuzwa, timu ikiwa na ushindi 3 tu katika mechi 13. Msimu ule ule akashinda mechi 16 mfululizo, moja pungufu ya rekodi ya ligi ambayo Pittsburgh waliiweka 1993. Akafika fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, ambayo bingwa ni anayeshinda mechi nne kati ya saba; akafungwa na Florida Panthers mechi tatu bila, akasawazisha tatu kwa tatu, akapoteza ya saba kwa mabao 2-1. Mwaka 2025 akarudi fainali, Florida hao hao, akatolewa katika mechi ya sita kwa 5-1.

Meza ya dirishani kulikuwa na dada Mkenya, muuguzi, bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Yeye hamtaki kocha. "Fainali mbili amepewa, zote amepoteza," akasema. "Na hii ya mwisho alikuwa anabadilisha kipa kama anayebadilisha soksi." Hapo mzee mmoja mzawa wa Edmonton, fulana yake namba 99 ya Gretzky, nyota wa zamani wa Oilers, imepauka mpaka imekuwa ya buluu ya mbinguni, akavuta kiti. Huyu mzee aliyaona makombe yote matano ya Oilers, 1984, 1985, 1987, 1988 na 1990. Hajui Kiswahili zaidi ya "asante mama", lakini akiongea polepole kila mtu pale anamwelewa.

Akaomba vizibo vya soda. Mama akampa kumi na viwili kutoka kwenye mkebe. Akavipanga juu ya kitambaa cha meza: vitano vya Florida, vitano vya Edmonton, chumvi ikawa kipa. Akatuonyesha mechi ya nne ya fainali ya Juni. Kipindi cha kwanza Florida wamefunga matatu. Akasukuma vizibo viwili vya Florida mbele ya chumvi, akamfungia njia mlinzi wetu wa kulia, na kila mtu pale mezani akaona jinsi kipa wetu Stuart Skinner alivyokuwa hamwoni mpigaji. Halafu akaitoa chumvi, akaweka pilipili manga mahali pake. Calvin Pickard, kipa wa akiba. Akaendelea kusukuma mpaka tukafika muda wa nyongeza, Leon Draisaitl wetu anafunga, 5-4 kwa Edmonton. "Huyo aliyemtoa kipa akiwa nyuma matatu ndiye aliyetupa usiku ule," akasema mzee.

Dada hakunyamaza, na hapo ndipo nilipompenda. Akachukua vizibo, akavirudisha katikati. Mechi ya tano, akasema, akaanza na pilipili manga, tukafungwa 5-2 nyumbani. Mechi ya sita akarudisha chumvi, tukafungwa 5-1, Sam Reinhart wa Florida peke yake manne. "Kipa hawezi kulala usiku akijua kesho hajui kama ni yeye." Mzee akatazama vizibo muda mrefu. Akakiri kwamba hilo hana jibu lake.

Nikaingia mimi. Nimekulia kwenye Simba na Yanga, najua inavyokuwa kocha akifungwa mechi mbili na begi lake likaonekana uwanja wa ndege. Tangu McDavid aanze kuichezea timu hii mwaka 2015 mpaka usiku ule alikuwa ameshakuwa na makocha watano: McLellan, Hitchcock, Tippett, Woodcroft na huyu. Wanne wa kwanza hakuna aliyemfikisha fainali. Huyu, ambaye pia alimfundisha akiwa kijana kule Erie Otters, amemfikisha mara mbili. Na makipa wale wale wawili, Skinner na Pickard, kocha hakuwanunua yeye. Kiangazi kizima kikapita, na wakubwa wa klabu wakaanza msimu na hao hao wawili. Mimi simwondolei lawama ya mechi ya tano, alikosea, lakini kumfukuza mpishi kwa sababu sokoni hawakununua nyama ni kumdhulumu. Mama wa Bukavu, aliyekuwa akifuta meza ya jirani, aliitikia hilo kwa sauti.

Kijana mmoja Mrundi akaleta hesabu ambayo bado inanisumbua. McDavid naye alikuwa ameongeza mkataba wiki hiyo hiyo, lakini wa miaka 2 tu, unaokwisha 2028. Wa kocha ulikuwa wa mpaka 2029. Maana yake, akasema, kocha anaweza kuwa na kazi katika timu ambayo McDavid ameshaondoka. Meza ikapoa. Hiyo ndiyo hofu ya mji huu, na kila anayemtetea au kumpinga kocha anaongea juu ya hofu hiyo.

Sasa lawama yangu. Televisheni ya mgahawa inapokea mechi kwa intaneti, na picha inachelewa karibu nusu dakika. Tulikuwa tunaongoza 3-0. Calgary wakarudisha yote matatu, mechi ikaenda penalti. Tumesimama wote, dada ameshika kitambulisho chake mdomoni, mzee ameweka mkono juu ya vizibo, na kwenye skrini mchezaji bado anaanza kukimbia na paki, ile sahani ndogo nyeusi ya mpira. Simu ya mtu wa meza ya nyuma ikalia. Akaitazama, akaguna. Tukajua. Tukabaki tunaangalia penalti ambayo mwisho wake tulishaambiwa, 4-3 kwa Calgary. Mtu ametoka kwake kwenye baridi, amelipa, amesubiri miezi minne tangu Juni, halafu ananyimwa ile sekunde moja aliyoijia. Nilimwambia mama kwa heshima, naye alinisikiliza: "Papa, uko na haki." Akasema ataulizia waya wa kawaida wa televisheni mwisho wa mwezi. Mpaka hapo, nawaomba wateja wenzangu tuzime milio ya simu kipindi cha tatu kikianza.

Mengine ni madogo. Pa kutundika makoti hapatoshi, ikifika Januari itakuwa shida. Maegesho yapo nyuma, bure, ila taa yake ni moja. Choo kisafi. Kadi za benki zinapokelewa.

Siku za mechi za nyumbani ukafike kabla ya saa moja jioni, agiza mishkaki mara tu unapokaa. Ukitaka ubishi, kaa meza ya pili kutoka dirishani. Kiti cha pembeni kulia mwachie mzee wa namba 99, goti lake la kushoto halikunjiki.